Mtani Aliyekataa Kushushwa Njiani

Jumanne iliyopita nilikuwa chini ya gari huku Ghala, mtaa wetu wa magereji, mgongo juu ya boksi, oili inanidondokea kwenye paji la uso, simu ikalia mara saba. Mara saba! Mtu akipigiwa simu mara saba hapa Muscat, ama ameshinda gari kwenye bahati nasibu ama kuna msiba, na mimi bahati nasibu sijawahi kucheza. Nikajivuta nje, nimetapakaa oili mpaka meno, nikaambiwa yule mpishi wa Qantab, kile kijiji cha pwani nje ya mji, Mnyamwezi wetu, kafariki hospitali alfajiri. Figo. Nikakaa juu ya tairi. Sasa niseme mapema ili watu wasinipe pole nisizostahili: hakuwa rafiki yangu. Sikuwahi kula kwake, hakuwahi kunywa chai kwangu, na nikijumlisha siku zote tulizoonana hazifiki mwezi. Alikuwa mtani wangu. Mimi Mzigua wa Handeni, yeye Mnyamwezi wa Tabora, na nyie mnaojua mambo ya nyumbani mnajua Mzigua na Mnyamwezi wamezaliwa kutukanana mpaka mmoja afe, na akifa, aliyebaki ana kazi ya kuendelea kumtukana mpaka kaburini ili wafiwa wacheke kidogo. Kwa hiyo mkiona safu hii inacheka kwenye msiba, msinipigie simu kulalamika. Niko kazini.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ambayo akicheka Qantab mbuzi wa kijiji jirani cha Bustan wanaacha kula. Miaka ishirini na ushei kapika katika nyumba moja, ya bibi mmoja Mwomani aliyezaliwa Unguja, ambaye mpaka leo ukimpa wali usio na nazi anauliza kama nyumba imepata msiba. Pilau lake yule Mnyamwezi nililisikia kwa harufu tu, na harufu yake peke yake iliniongeza kilo mbili. Wanaomjua vizuri zaidi watawaeleza wema wake na kanisa lake na watoto wa ndugu zake aliowasomesha. Mimi namjua kwa jambo moja tu, sanduku la kura, na ndilo nitakalosema.

Wasomaji wa zamani mnakijua chama chetu cha kuzikana. Watanzania wa Muscat, Waislamu na Wakristo, tunachanga kila mwezi ili mtu akifa asiwe peke yake. Kila baada ya miaka mitatu tunapiga kura, ya viongozi na ya kanuni, na mlinzi wa sanduku ni mimi. Msidhani nilichaguliwa kwa elimu, maana shule mimi niliichungulia dirishani. Nilichaguliwa kwa sababu nina ile solotepu pana tunayofungia bampa zilizovunjika, na ikishazungushwa kwenye sanduku, kulifungua unahitaji msumeno. Kura zilikuwa zinapigwa huku huku Ghala, Ijumaa, kwenye chumba cha juu cha bohari la matairi. Sanduku linafunguliwa saa tatu asubuhi, linafungwa saa tano na nusu watu wakaiwahi swala. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka, na sisi wenye magari tulikuwa tunasema uchaguzi wetu ni wa haki kuliko wa nchi nyingine zote duniani.

Ijumaa moja nimeshazungusha solotepu raundi tisa, nasikia viatu kwenye ngazi. Wanawake kumi na moja, miavuli mikononi, jasho linawatiririka kama bomba limepasuka. Lile jua mnalijua, ukisahau yai kwenye gari unarudi unakuta limeiva na linakuulizia chumvi. Mbele yao huyo Mnyamwezi.

"Fundi, fungua sanduku."

"Khalas, dada. Likishafungwa limefungwa. Ni kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Ya chama."

"Na sisi ni nani? Paka wa chama?"

Mwenyekiti wetu akatokea ndani, mtu wa Dar, mfanyabiashara, mstaarabu sana, anazungusha ufunguo wa gari kidoleni. Akasema kwa upole, "Jamani, mlango ulikuwa wazi tangu saa tatu. Mwenye nia ya kupiga kura hufika."

"Mwenyekiti, wewe umetumia dakika ngapi kufika?"

"Kama kumi na tano hivi."

"Mimi nimetoka Qantab saa moja. Mjukuu wa bibi kanishusha kituo cha basi Bustan. Nimengoja. Basi mpaka Ruwi. Nimengoja tena, leo Ijumaa, basi linakuja likijisikia. La pili likanishusha barabara kuu. Kutoka pale mpaka kwenye haya matairi yenu ni kwa mguu. Sasa nani ana nia kubwa, mimi au wewe?"

Mwenyekiti akaacha kuzungusha ufunguo. Nikaingiza utani. Nikamwambia, "Wewe Mnyamwezi, babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, simba huku, mbu huku. Wewe unalalamikia basi lenye kiyoyozi?" Chumba kizima kilicheka, na yeye ndiye aliyecheka kwa nguvu zaidi, mpaka tairi moja likaanguka, Mungu shahidi. Halafu akanifuta jasho la paji la uso kwa kanga yake kama mtoto, akasema, "Walibeba kweli, Mzigua. Ila hujasikia hata mmoja aliyetua mzigo njiani akasema nimefika." Wakateremka ngazi, wakarudi walikotoka kwa njia ile ile. Sanduku sikulifungua.

Sasa mgeni atauliza, wanawake kumi na moja wanachomwa na jua lote hilo kwa ajili gani? Kulikuwa na kanuni moja inasubiri. Mtu wa kazi akifia hapa, kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ndiye anayemrudisha, na kafili kazi yake inaishia uwanja wa ndege Dar es Salaam. Pale jeneza linashushwa, karatasi zinasainiwa, basi. Kama kwenu Dar au Unguja, au Tanga kama mimi, ndugu watakuja hata na baiskeli. Lakini kama kwenu ni kijiji cha ndani ndani huko Tabora, au Kigoma, ndugu wanaanza kuulizana nani aende, kwa gari la nani, na wewe umelala uwanja wa ndege kama sanduku lililopotezwa na shirika la ndege. Ilishatokea. Dada mmoja wa Kigoma alikaa siku nyingi kwenye baridi ya mochwari ya watu, na mama yake hakumwona. Mnyamwezi wangu alikuwa rafiki yake. Ndipo akaleta hoja: chama kimpokee maiti pale uwanjani kimfikishe mpaka mlangoni kwao. Neno lake ni hilo, mpaka mlangoni. Kwenye mkutano alisimama akasema, "Hapa Muscat nimeshushwa njiani maisha yangu yote, hapa mwisho, mbele tembea. Hata nikifa mnishushe njiani?" Na kila uchaguzi hoja ilikuwa inaanguka. Ukitazama utaona ajabu moja. Waliokuwa wanaihitaji ni watu wa bara ya mbali, na wengi wao ni dada wa kazi za ndani, wapanda basi. Waliokuwa hawaihitaji ni watu wa pwani wenye magari, wanaokaa dakika kumi na tano kutoka kwenye sanduku. Wala hakuna aliyepanga hivyo kwa ubaya. Lilikaa tu hivyo, kama gari linalovuta upande mmoja, dereva akishazoea anadhani barabara ndiyo imepinda.

Uchaguzi uliofuata alikuja mapema na dawa yake: sanduku litoke. Kura zianze kupigwa siku nne kabla ya Ijumaa, upande wa Bustan, alasiri, kila mtu apige siku yake ya ofu. Mwenyekiti akashika kichwa. "Kura ya mapema! Mama, hiki ni chama cha kuzikana, si Marekani."

"Mwenyekiti, maiti mnamsubiri aoshwe, avishwe, asaliwe, na wala hana haraka. Wazima ndio mnashindwa kutusubiri?"

Watu wakacheka, hoja ikapita, na adhabu ya kwenda kukaa na sanduku nikapewa mimi. Sanduku lenyewe lile la Ghala lilikuwa limeoza kwa solotepu yangu, hivyo likatafutwa jingine. Nikaenda Qantab kwa yule bibi, akanitolea deli la kuwekea samaki, la buluu, lina kifuniko na mahali pa kutia kufuli. Akaniambia, "Lichukue hilo mwanangu, mie nnalo jengine. Lakini ulikoshe, lilikuwa na nguru." Nilikosha. Wallahi nilikosha kwa sabuni ya kufulia ovaroli. Nguru hakutoka.

Siku ya kwanza nikafanya kosa ambalo mwenye gari tu ndiye anaweza kulifanya. Nikachagua mahali pazuri. Palikuwa na kivuli, pa kuegesha gari, karibu na kipilefti, kituo cha basi kipo hapo hapo mbele ya pua yangu. Nikakaa na deli langu na karatasi zangu kama bwana harusi. Basi la kwanza likaja, likafungua mlango, nikaona dada zetu wanne ndani wananipungia mkono. Nikapunga. Basi likaondoka nao. La pili hivyo hivyo, wamejazana dirishani wananionyesha ishara za ajabu kama mabubu wanagombana. Nikapunga tena, nikasema moyoni, kweli leo napendwa. Mpaka jua linashuka nilikuwa nimepunga mkono mpaka bega limeteguka na kura ndani ya deli ni moja, yangu.

Mnyamwezi akaja kesho yake, kaomba ruhusa kwa bibi, akanikuta pale pale kivulini. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa suruali nyuma mbele.

"Mzigua, mara ya mwisho kupanda basi ilikuwa lini?"

"Nakumbuka... Korogwe."

"Basi sikiliza nikufundishe. Mtu akishuka hapa, basi linaondoka. Linalofuata ni baada ya saa nzima, na juani. Akichelewa kurudi mama mwenye nyumba anapiga simu polisi anasema katoroka. Nani atashuka?"

"Sasa tufanyeje?"

"Dereva anakunywa chai wapi?"

Mimi fundi wa magari, napiga simulizi za magari usiku na mchana, sikuwahi kujua dereva wa basi anakunywa chai wapi. Yeye alijua. Kila basi lina kituo cha mwisho, dereva anazima injini, anashuka, anaingia kwenye kibanda anaagiza karaki, ile chai yao nzito ya maziwa, anakaa dakika kumi, halafu anageuza kurudi mjini. Alijua zamu zao, alijua nani anaongeza sukari. Tukabeba deli tukaenda kuliweka mlangoni pa kibanda cha chai, jua kali, hakuna kivuli, gari nimeegesha mbali huko nikatembea kama wenzangu. Basi likaja, dada zetu wakashuka saba, wakapiga kura, wakapanda basi lile lile wakarudi. Hakuna aliyepoteza hata dakika. Uchaguzi mzima ukawa ndani ya kikombe cha karaki.

Siku ya tatu wakashuka wengi mno. Foleni imezunguka kibanda, kuna mmoja hajui kusoma naambiwa mimi nimsomee, na mimi mwenyewe nasoma kwa kubahatisha, ikabidi Mnyamwezi atusomee wote wawili. Dakika kumi zikaisha. Nikamtazama dereva. Kijana wa Kiomani, kanzu safi, kofia imekaa upande, bibi yake kazaliwa Pemba na yeye anakijua Kiswahili cha kuombea chakula. Kakaa na kikombe chake, hasogei. Abiria mmoja akagonga kioo ndani ya basi, "Yalla, yalla!" Dereva akainua mkono taratibu. "Chai bado moto, baba." Nikasogea nikachungulia kile kikombe. Kilikuwa kikavu zamani, nzi ametua ndani anapumzika. Akaninong'oneza, "Bado wangapi?" Nikamwambia sita. Akapuliza kikombe kitupu ili kipoe.

Ijumaa tukalileta deli Ghala, tukamwaga kura mezani pamoja na za siku ile. Mwenyekiti akaziba pua. Akasema kuna tatizo hapa, kura ni siri, na hizi zinajitangaza, mtu anaijua kura ya Bustan hata amefumba macho. Mnyamwezi akajibu kutoka nyuma, "Na zako zinanuka udi, Mwenyekiti, mbona hatujalalamika?" Tukazihesabu, zinazonuka nguru na zinazonuka udi na yangu ya oili. Kanuni ya mpaka mlangoni ikapita. Kwa tofauti ndogo, lakini ikapita, na nilichokiona ni wanawake wazima wanaruka kwenye bohari la matairi kama watoto wa shule waliofunguliwa likizo. Yeye hakuruka. Alichukua karatasi ya kanuni, akaipiga picha kwa simu yake, akamtumia mdogo wake Tabora, akaniuliza kama naelekea Ruwi.

Haya, Jumanne hiyo niliyowaambia nikavua ovaroli nikaenda. Chama kilikuwa kimeshajipanga. Siku mwili unaondoka mochwari, watu wamejaa, kilio kimetanda, nikaona kazi yangu imefika. Nikajilaza mbele ya gari lililombeba, nikasema haondoki mtu hapa, huyu Mnyamwezi ana kufuli langu la deli, miaka yote nalidai, leo anajifanya kafa! Watu wakacheka na machozi yao. Yule bibi wa Qantab alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, akacheka mpaka buibui likamwanguka kichwani, halafu akasema, "Mwacheni ende zake mtoto wa watu. Mie nlikuwa nikimtaraji yeye anizike miye." Nikanyanyuka, nikajifuta vumbi, gari likaenda uwanja wa ndege. Mengine ni ya kuhadithiwa.

Mdogo wake ametutumia ujumbe wa sauti jana. Chama kilituma gari, likampokea Dar, likaenda usiku na mchana mpaka Tabora, likaacha lami. Kilomita chache kabla ya kijiji mvua imenyesha, njia imekuwa uji. Dereva akasimama, akasema mimi naishia hapa, mbele ni matope, mwiteni kijana na mkokoteni. Mdogo mtu anasema hakubishana naye. Alitoa simu, akaitafuta ile picha ya karatasi, akampa dereva asome mwenyewe. Mpaka mlangoni. Dereva akaisoma, akatazama matope, akakunja suruali. Walikwama mara mbili, kijiji kizima kikasukuma, na saa kumi alasiri gari likaingia uani, likasimama mbele ya mlango wa mama yake. Ule mzigo haukutuliwa njiani.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijakisema miaka hii yote, maana nikinyamaza mtani wangu atanirudia ndotoni na mwiko. Ile kura ya kwanza, iliyolala peke yake ndani ya deli siku ninapunga mkono, niliandika hapana. Niliona kanuni ile ni mzigo mkubwa kwa chama, na kwetu Handeni ni karibu. Yeye alihisi. Kule kwenye kibanda cha chai alinipa kikombe akasema, "Sikuulizi umeandika nini, Mzigua. Hata ukiandika hapana ni sawa, ulikuwa karibu na sanduku. Na mimi nataka wenzangu wawe karibu tu kama wewe." Hilo tu. Basi nikashindwa, nikashindwa na watu waliopewa dakika kumi za chai, na katika maisha yangu ya kushindwa mambo mengi sijawahi kushindwa nikafurahi kama hii.

Mwaka huu tunapiga kura tena. Kuna wanaosema marehemu hayupo, turudi kwenye utaratibu wa zamani, Ghala, Ijumaa, mlango uko wazi. Mimi nimejifunza hivi: mlango huwezi kujua kama uko wazi ukiwa umeshasimama kizingitini na ufunguo wa gari kidoleni. Rudi nyuma mpaka Qantab. Ngoja basi, panda, shuka, ngoja jingine, tembea juani. Ukifika, ndipo uusukume, utajua. Deli liko kwangu gereji, nimelikosha tena, bado linanuka. Kufuli jipya nimenunua. Na kibanda cha chai nimeshapita kuuliza zamu.